Kabla ya hema kulikuwa na kambi ya karafuu



Likizo ya skuli imekaribia na mwaka huu nimekubali kushindwa. Wanangu watatu, wa miaka 9, wa miaka 5, na huyu wa miezi 14 ambaye hajasema neno lakini anajua kulia panapohitajika kura yake, wanataka kulala kwenye hema. Baba yao ameshalinunua hema lenyewe, limekaa nyuma ya mlango wiki ya pili sasa. Tutakwenda usiku miwili tu, kwenye shamba la minazi la shemeji yangu huko pwani ya kusini. Usiku miwili! Na mimi orodha ya vitu vya kuchukua, ninayoiandika kwenye simu kila nikumbukapo jambo, imeshafika vitu 61.

Jumapili nilikwenda kumuangalia mama mkubwa. Ni dada yake mama yangu, umri wake umeshavuka sabini na tano, miguu inamsumbua lakini mikono haijatulia hata siku moja. Nilimkuta barazani anasuka ukili. Nikamsomea orodha yangu yote, kwa kicheko, nikijua atanicheka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mtoto nani atamlea?"

Nikamwambia, mama mkubwa, nitamlea mimi, si nakwenda kupumzika.

"Sisi tulikaa kambi miezi mitatu," akasema, "na mama hakuwa na orodha. Orodha ilikuwa mimi."

Nilidhani ni utani. Niliondoka kwake baada ya Isha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, kwa sababu nimegundua kuwa hii safari ninayoiona ya kisasa, ya watu wenye nafasi na hema la zipu, wanawake wa visiwa hivi waliifanya vizazi na vizazi wakiwa na watoto migongoni. Kambi zao hazikuwa za mapumziko. Zilikuwa za karafuu.

Kwa sisi tuliokulia mjini, ukisema kambi tunafikiria askari, au timu ya mpira. Muulize mtu mzima wa Makunduchi, wa Jambiani, wa Tumbatu au wa Pemba yenyewe. Kambi kwake ni mabanda ya makuti katikati ya mashamba ya mikarafuu, msimu wa mchumo, moshi wa kuni asubuhi na majamvi yaliyotandazwa juani mpaka upeo wa macho.

Mkarafuu si mti wetu wa asili. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ukipitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Seyyid Said bin Sultan alipoona faida yake aliwashurutisha wenye mashamba wapande, na ndani ya miaka michache Unguja ikawa na mikarafuu kupita mahitaji. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa. Hili tusilipite kwa haraka kama tunavyopenda kulipita tunapojisifia harufu ya visiwa vyetu. Wanawake walikuwa mashambani humo, na watoto wao walikuwa chini ya miti hiyo, na hakuna aliyewauliza kama wamejitayarisha.

Mwezi wa Aprili 1872 kilipiga kimbunga ambacho wazee waliendelea kukihadithia kwa miaka mingi. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tokea hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu hasa. Kisha, mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Masuria hawakuingizwa humo mpaka mwaka 1909, maana yake wanawake waliokuwa majumbani walisubiri miaka 12 zaidi. Lakini mashambani swali lilikuja mara moja: nani atachuma?

Ni lazima ujue karafuu ni kitu gani ili uone uzito wa swali hilo. Tunachokiita karafuu ni ua ambalo halijachanua. Linachumwa linapoanza kugeuka kutoka kijani kwenda wekundu, na likishafunguka halina thamani tena. Kwa hiyo karafuu haisubiri. Mwaka wa mavuno makubwa, miti yote inaiva ndani ya miezi ileile, na watu wa Pemba peke yao hawakutosha. Wenye mashamba wakalazimika kulipa, kwa pishi, na serikali ikawa inawavusha wachumaji kwa meli zake kutoka Unguja. Ndipo watu wa kusini na mashariki ya Unguja na Watumbatu, watu wa ardhi ya mawe ambako mikarafuu haioti, walipoanza kwenda Pemba msimu hadi msimu. Wakichuma, wakilipwa, wakirudi kwao na nguo na fedha ya kulipia yale ambayo muhogo na samaki haviwezi kulipia.

Nimesoma mengi kuhusu hao wachumaji, jinsi walivyolipwa, jinsi bei ilivyopanda na kushuka, jinsi wenye mashamba walivyozama kwenye madeni. Wachumaji wa vitabuni hawana watoto. Wametajwa wanaume, wametajwa wanawake, lakini kama kila mmoja alishuka melini mikono mitupu. Sasa mimi ni mama, nina akili ya mama. Mwanamke anayenyonyesha haondoki kwake miezi mitatu akamwacha mtoto wa ziwa. Kama mwanamke alikwenda, mtoto alikwenda. Na kama mtoto alikwenda, basi kuna mtu alikaa akafikiria maji yake, uji wake, mbu wake na kulala kwake. Historia hiyo ya kufikiria haikuandikwa popote. Iko kwenye vichwa vya akina mama mkubwa, na wanapungua.

Yeye alikwenda mara ya kwanza akiwa na miaka minane hivi, katikati ya miaka ya 1950. Walikwenda bibi, babu, yeye, kaka yake mdogo, na mjomba wangu aliyekuwa mchanga, hajatambaa. Mama yangu alikuwa hajazaliwa.

Nilimuuliza walianza lini kujitayarisha. Nilitarajia aseme wiki moja kabla. Akasema, "Tulipofukia makumbi."

Wasiojua pwani ya kusini niwaeleze. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa ufuoni, maji yakupwa na kujaa juu yake, na mawe yamewekwa juu ili bahari isiyachukue. Yanakaa humo miezi. Yakishaoza yanafukuliwa, yananuka unanukia nyumba nzima, yanapigwa kwa kigongo mpaka zibaki nyuzi tupu, yaani usumba. Usumba ndio unaosokotwa kamba. Kazi yote hiyo ni ya wanawake. Na mchumaji wa karafuu bila kamba hana kazi, kwa sababu matawi ya nje ni membamba, huyavuti ila kwa ngowe, na ukishalivuta unalifunga kwa kamba lisikurushe. Mkarafuu mkubwa ni mrefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, na hadi leo hakuna msimu unaopita bila habari za mtu aliyeanguka. Kwa hiyo bibi yangu alipofukia makumbi yake alikuwa anatayarisha usalama wa mumewe, karibu nusu mwaka kabla ya kupanda meli. Hakuna aliyeiita hiyo matayarisho ya safari. Ilikuwa kazi za nyumbani.

Vingine alinihesabia kwa vidole. Makopa ya muhogo, yaliyokaushwa juu ya mawe mpaka yakawa kama chokaa, kwa sababu ni mepesi kubeba na hayaozi. Ng'onda. Pweza mkavu aliyemvua bibi mwenyewe mwambani. Mchele kidogo sana, na huo ulikuwa wa uji wa mtoto, hakuna mkubwa aliyeruhusiwa kuugusa. Chumvi. Chungu kimoja na sufuria moja. Mbuzi ya kukunia nazi. Kibatari na chupa ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa kitambaa na kufungwa peke yake mbali na chakula. Mikeka miwili, na miyaa ya ziada ili jioni zisipotee bure. Kanga ya mbeleko, na kanga nyingine ya mbeleko, maana ya kwanza lazima italowa. Mvuje wa kumfunga mtoto mkononi, ambao mimi sifungi na tulibishana kidogo hapo. Na shada la kivumbasi kilichokaushwa cha kufukiza mbu.

Chandarua? Kimoja, alisema, na waliingia wote kadiri walivyoenea. Homa ilikuwa sehemu ya msimu. Sisi tuliozaa baada ya kampeni za vyandarua vyenye dawa za katikati ya miaka ya 2000 tumesahau jinsi malaria ilivyokuwa inahesabiwa kama mvua, kitu ambacho kitakuja tu, swali ni lini. Bibi alikuwa na klorokwini? Mama mkubwa hakumbuki. Anakumbuka mwarobaini, na uchungu wake anaukumbuka hadi sasa.

Mwenyezi Mungu anatukumbusha katika Sura An-Nahl, aya ya 80, kuwa nyumba ni neema yake, na hapohapo anazitaja zile nyumba za ngozi za wanyama ambazo watu huziona nyepesi siku ya kuhama na siku ya kutua. Nimeipitia aya hiyo mara nyingi bila kuitulia. Safari hii nimeikalia. Wepesi wa mzigo umetajwa kuwa ni neema. Na mimi nina vitu 61 kwa usiku miwili, pamoja na kiti cha kukunja chenye pahala pa kuwekea kikombe.

Halafu kuna Bi Hajar, radhi za Allah ziwe juu yake. Kila nikisoma kisa chake katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas, jicho langu linaganda kwenye mzigo wake: mfuko wa tende na kiriba cha maji. Basi. Na mtoto wa kunyonya, katika bonde lisilo na mtu wala mmea. Tunamsifu kwa subira na kwa mbio zake baina ya Safa na Marwa, na anastahiki. Lakini kabla ya mbio kulikuwa na hesabu, kila mama anaijua: maji haya yatafika wapi, nikiishiwa maziwa yatakuwaje. Mamilioni wanaokimbia Saayi kila mwaka wanafuata nyayo za mama aliyekuwa akitafuta maji ya mtoto safarini.

Turudi kambini. Walishuka Mkoani, wakatembea. Mwenye shamba aliwaonesha banda, nalo lilikuwa na kuta tatu. Ya nne bibi aliijaza kwa makuti siku ileile, kabla ya kuwasha moto, na chakula cha usiku wa kwanza kilikuwa mikate aliyotoka nayo nyumbani. Nimelichukua hilo. Siku ya kufika hupiki. Watoto wanafika wamechoka, wanalia, giza linaingia, huna muda wa kuhangaika na jiko. Kitu cha 7 kwenye orodha yangu sasa ni mikate ya kusukuma ya kutosha watu watano na vitumbua vya asubuhi.

Sheria za bibi za jioni zilikuwa nne na mama mkubwa alizisema kwa pumzi moja. Kabla ya Magharibi watoto wote ndani, hata kama mchezo uko patamu. Mtungi wa maji ufunikwe na chakula kifunikwe. Mlango ufungwe kwa bismillahi. Kibatari kizimwe kabla hajalala mtu wa mwisho. Aliposema nikamwambia, mama mkubwa, hiyo ni hadithi, iko katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Jabir bin Abdillah! Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliagiza hayo hayo, watoto wazuiliwe giza linapoingia, viriba vifungwe, vyombo vifunikwe, taa zizimwe. Akaniangalia kama mtu anayeambiwa kuwa bahari ina chumvi. "Kwani wewe ulidhani mama aliyatoa wapi?" Bibi hakuweza kukutajia mpokezi wala kitabu. Aliijua hadithi ile kama kazi ya mikono, na katika banda la makuti lenye kibatari na watoto watatu, kila kipande chake kilikuwa na maana inayoonekana.

Jambo jingine lililonifurahisha ni sala. Nilimuuliza kama walikuwa wakipunguza sala, kwa kuwa walikuwa safarini. Hawakupunguza. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkaazi, na wao walinuia miezi. Walikunja jamvi moja wakaliweka pembeni, halikuanikiwa karafuu, likawa la sala. Sisi tunaokwenda usiku miwili ndio wenye ruhusa, kama umbali unafika, na kwetu haufiki. Kwa hiyo tutasali kamili na sisi, na nimeongeza dira.

Asubuhi ndiyo ilikuwa kazi. Babu alipanda. Bibi alichuma matawi ya chini, na msimu wa pili alipanda pia, ingawa babu hakupenda. Na mtoto mchanga alikuwa wapi? Mgongoni kwa mama mkubwa. Miaka minane. Tangu alfajiri mpaka bibi ashuke kumnyonyesha, kisha tena mpaka adhuhuri, kisha tena. Akiwa naye mgongoni aliokota mpeta, zile karafuu zinazoanguka chini, maana nazo ni fedha. Wingu likionekana, wote mbio kuanua majamvini, kwa kuwa karafuu iliyonyeshewa kabla haijakauka inaharibika, na siku tatu nne za jua zinaweza kupotea kwa mvua ya dakika kumi. Alikimbia naye mgongoni. Jioni wakikaa kuzunguka kibatari kuchambua, kutenganisha karafuu na makonyo yake kwa viganja, alichambua naye mapajani. Kisha mpimaji akaja na pishi lake, na hesabu ikaandikwa kwa jina la babu.

Nilimuuliza kama alikuwa na uchungu. Akanikata. Alisema nisimuandike kama yatima. Kambini kulikuwa na raha yake, watoto wa kila kijiji, mapera, nyimbo za wachumaji zikijibizana mti kwa mti, wasichana wakubwa wakitazamwa na wavulana na ndoa kadhaa zilianzia hapo. Aliiona Pemba, akaona vilima vya kijani, ambavyo kwao hakuna. Alijua kupika kabla ya wenzake. Anajivunia hayo na ana haki.

Lakini kuna jambo alilisema baadaye, wakati naaga, akiwa ameinamia ukili. Kijijini alikuwa amefika Juzuu Amma kwenye chuo cha Kurani, na skuli ya serikali ilikuwa imeanza kupokea wasichana. Skuli ya Serikali ya Wasichana mjini ilikuwepo tangu 1927, lakini ya mjini ni ya mjini, mashamba yalichelewa sana. Jina lake liliandikwa. Msimu ukaja, wakaenda kambi. Waliporudi wenzake walikuwa mbele, akaanza kufukuzia. Msimu mwingine ukaja, na kulikuwa na mchanga mwingine, naye alikuwa mama yangu. Baada ya hapo hakurudi tena skuli. Elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo, Septemba 1964, alikuwa na umri wa kuolewa, na akaolewa. Mjomba wangu, yule aliyemzungusha mgongoni chini ya mikarafuu ya watu, alisoma, akawa mwalimu, akasomesha nusu ya ukoo wetu. Mama yangu alisoma. Mama mkubwa anasoma msahafu vizuri kunishinda mimi. Barua ya hospitali anampa mtu amsomee.

"Mtu mmoja lazima abaki na mtoto," alisema. "Ndiyo hivyo."

Wanaume wa visiwa hivi nao wana kambi zao, dago za wavuvi, na hizo zina heshima ya hekaya. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kinasimuliwa kuwa Nabii Khidhri aliwafikia wavuvi waliopiga kambi akaomba msala wa kusalia, hawakuwa nao, naye akasema kisiwa chenyewe kinaelekea Kibla, kitakuwa msala wake. Ndipo jina likatoka. Kisa kizuri, na kimesaidia mengi, maana wavuvi na wanavyuoni walipokaa kulihifadhi eneo lile miaka ya 1990 na baadaye, mafunzo ya dini ndiyo yaliyosikilizwa. Sina neno na wavuvi. Natamani tu kambi za mama zetu zingepata hata jina la mahali. Banda lile la kuta tatu mama mkubwa hajui tena liko shamba gani.

Karafuu bado zipo. Msimu mkubwa Pemba bado inajaa watu, na kila mwenye umri wangu aliyekulia kule anakumbuka skuli kufungwa ili watoto wakasaidie mchumo. Wako wanaosema ndivyo tulivyokua, tulipata fedha ya viatu. Wako wanaosema watoto wanaanguka mitini. Mimi sichumi, sina shamba, siwezi kumpangia mwenye shamba. Ila nasema hivi: mkiandika historia ya karafuu muandike pia nani alibaki na mtoto, na alikuwa darasa la ngapi.

Niliporudi nyumbani usiku ule niliifungua orodha yangu. Mambo mengi niliyapunguza. Kiti cha kikombe kimeondoka. Kivumbasi kimeingia, pamoja na chandarua chenye dawa, kwa kuwa sitaki kusikia habari ya hema lenye wavu wake. Mbeleko mbili, siyo moja. Maji ndoo mbili zenye mifuniko, na taa ya betri badala ya kibatari, alhamdulillah kwa hilo. Kitu cha 14 kilikuwa kimeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, wala sikumbuki kukiandika: "Dada amshike mdogo tukiwa tunafunga hema, tukipika, na tukienda kuoga baharini."

Dada ni huyu wa miaka 9. Amenunuliwa miwani ya kuogelea na analala nayo.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia tunahitaji kupangana zamu, yeye asubuhi na mimi jioni, na wakati wa kufunga hema mtoto atakaa mgongoni kwangu na fundi wa hema atakuwa yeye peke yake. Akasema hema hilo linahitaji watu wawili. Nikamwambia basi tulijaribu uani kabla ya safari. Tumejaribu juzi, limechukua saa moja na nusu na nguzo moja imepinda, lakini limesimama.

Mama mkubwa nimemuomba aje nasi. Mwanzo alikataa, akasema yeye ameshalala nje ya kutosha. Jana akapiga simu. Atakuja, kwa masharti mawili: halalii godoro la kujazwa upepo, na hamlei mtu. Nimefuta kitu cha 14, na mahali pake nimeandika jamvi lake.

Tunaondoka Ijumaa baada ya sala, inshallah.